Nilivyolivaa Jina la Hughie Keaney

Januari 6, Epifania

Daftari hili nimepewa na Attracta, mama anayetutunzia nyumba ya mapadri. "La kuandikia mahubiri, Padri," alisema. Mahubiri yangu hayajazi hata nusu ukurasa, kwa hiyo nitaandika haya mengine. Lazima niseme na mtu. Nyumba hii ina watu watatu, na kwa siku nzima maneno yetu hayafiki ishirini. Kanoni, paroko wangu, hasemi nami. Si ugomvi, ndivyo alivyo. Huniandikia vikaratasi na kuviacha kwenye meza ya ukumbini chini ya kengele ya shaba. Cha leo: "Mgonjwa kwa Gallogly. Chukua mwavuli."

Nipo Drumaleen tangu Septemba. Nikiingia dukani mazungumzo yanakatika, kofia zinavuliwa, na ninaachiwa njia ambayo ng'ombe wawili wangepita bega kwa bega. Ni heshima, najua. Lakini tangu nipewe upadri hakuna mtu aliyenigusa ila kwa kunipa mkono kanisani. Nina miaka ishirini na saba.

Januari 9

Mvua.

Januari 11

Amekuja Bartley Bohan, katibu wa mpira wa kaunti yetu ya Leitrim, akijifanya anatafuta cheti cha ubatizo. Attracta alipotoka na birika, akafunga mlango.

"Connacht wanakutaka, Padri."

Nikadhani sijasikia vizuri. Timu ya jimbo! Kila mwaka majimbo manne yanakutana, na fainali ni Dublin, siku ya Mtakatifu Patriki. Jimbo letu lina kaunti tano, lakini jezi zote huchukuliwa na Galway, Mayo na Roscommon. Sisi Leitrim mwaka wetu wa mpira huisha Juni, siku tunapokutana na mmojawapo wa hao watatu. Mtu wa kwetu akitaka kuikanyaga nyasi ya Croke Park, uwanja huo wa fainali, mlango ni huo wa jimbo tu, na mwanya wake ni mwembamba kama wembe.

"Wanaikumbuka mechi yako ya mwisho kabla ya upadri," alisema. "Wanataka mtu wa pembeni mwenye mguu wa kushoto."

"Askofu amepiga marufuku padri kucheza mbele ya watu, Bartley. Unajua."

"Amempiga marufuku Padri. Mtu mwingine hajampiga marufuku." Akatoa mfukoni daftari kuukuu la klabu ya Drumaleen, akalamba kidole, akafunua. "Huyu hapa. Hughie Keaney. Alikwenda Uingereza miaka sita iliyopita. Jina lipo tu, halina kazi."

"Ni Keaney wa wapi?"

"Aa, Padri! Huku ukirusha jiwe gizani litampiga Keaney. Nani atauliza?"

Tukacheka. Naandika ili nisije nikasahau kwamba nilicheka.

Januari 14

Nimefanya mazoezi peke yangu nyuma ya makaburi ya zamani, ambako kuna ukuta mrefu. Ukungu ulikuwa mzito, mpira ulipotea hewani kisha ukarudi wenyewe. Niliupiga mara mia mbili kwa mguu wa kushoto. Wa kunirudishia mpira alikuwa ukuta tu.

Januari 15

Asubuhi nimezikuta njumu zangu jikoni kando ya jiko, zimesafishwa, zimejazwa gazeti la Kanoni ambalo hajalisoma. Attracta alikuwa anakanda mkate wa soda, amenipa mgongo. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Januari 22

Mvua. Ukuta. Mvua.

Februari 5, Ijumaa ya kwanza

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi nawapelekea komunyo wasioweza kufika kanisani. Attracta huniandikia orodha. Leo majina tisa. La saba ni Delia McMorrow, mjane wa juu mlimani, nyumba ya mwisho kabla ya kinamasi. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Humwona mtu kama kivuli, hasomi tena, lakini sakafu yake ni safi kuliko altare yetu.

Alikuwa amewasha mishumaa miwili na kutandika kitambaa cheupe. Baada ya sala akasema, "Keti kidogo, Padri. Moto ninao."

"Nina wawili bado, mama. Na baiskeli yangu haina breki."

"Haya mwanangu. Na mimi ninaye kijana Uingereza. Krismasi nne hajaandika. Labda na yeye baiskeli yake haina breki."

Nikacheka, nikatoka. Jina la kijana sikuuliza. Nilitaka kuwahi ukuta wangu kabla ya giza.

Februari 10

Timu imetoka gazetini. H. Keaney, Leitrim, pembeni kushoto. Nimeisoma mara sita. Nikatamani kumwonyesha mtu, lakini baba na mama yangu wote wako udongoni, na Kanoni alikuwa analiomba gazeti kwa kunyoosha mkono.

Februari 14, Jumapili

Nimerudi sasa hivi na siwezi kukaa kitini.

Nilimwachia Kanoni kikaratasi kwamba baada ya misa ya saa mbili nakwenda kumtazama shangazi yangu mgonjwa huko Ballinasloe. Sina shangazi Ballinasloe. Bohan alinichukua na gari. Kola yangu ya kipadri niliivua tulipovuka mto Shannon, nikajifunga skafu.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Galway walikaa na Galway, Mayo na Mayo, Roscommon na Roscommon. Jezi ni moja ya jimbo, lakini kila mtu huvaa soksi za kaunti yake. Nikatazama chini: miguu ishirini na minane kwa makundi, na yangu miwili ya kijani na dhahabu, peke yake kwenye kona. Jitu moja la Mayo, Durkan, likanisogelea na kunong'ona, "Samahani, Keaney... goti langu linasumbua. Kama ungeweza... unajua." Kumbe anajua mimi ni nani. Nikalichorea goti ishara ya msalaba haraka haraka, tukaangalia pembeni wote wawili kama watu walioiba.

Dakika ya tano beki wa Ulster, wapinzani wetu, alinitia kiwiko mbavuni. "Simama wima, mbwa wewe!" akasema. Kiwiko kile! Nilitaka kumkumbatia. Miaka mitatu sijaitwa kitu chochote ila Padri.

Lakini jina lilinitesa. Mara ya kwanza Durkan alinipigia kelele, "Keaney! Keaney!" nami nikaendelea kukimbia, mpira ukatoka nje. "We Keaney, umeziba masikio kwa mkate?" Watu jukwaani wakacheka. Kipindi cha pili nikaanza kulizoea. Nilivusha tatu juu ya mtambaa panya, na katika mpira wetu wa Ireland huko juu ndiko pointi ziliko: tatu zangu mwenyewe, na ya mwisho ndiyo iliyotupa ushindi. Tumewashinda Ulster kwa pointi moja, tumeingia fainali. Watu walivuka kamba, wakanipiga mgongoni, wakanivuta nywele, mzee mmoja akanibusu sikioni. "Keaney! Keaney wa Leitrim!"

Mgongo wangu unauma kote. Sitaki upone.

Februari 15

Kikaratasi chini ya kengele: "Naona shangazi yako amefunga pointi tatu. Misa ya kesho saa moja."

Nikamtazama Kanoni wakati wa chakula. Alikuwa anakata kiazi.

Februari 18

Leo Attracta amesema sentensi tatu mfululizo, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Delia McMorrow ameacha mlango wazi tangu Jumatatu, na baridi hii. Amemwita jirani apake chokaa chumba cha nyuma. Anasema Hughie wake yuko Ireland, anachezea Connacht, gazeti limeandika."

Kijiko kikanitoka. "Hughie wake? Si McMorrow?"

"McMorrow ni kwao, Padri. Aliolewa na Keaney."

Nami ni mtoto wa kaunti hii! Najua kwamba mwanamke akiolewa huku, kitabuni anaandikwa kwa jina la mume, lakini midomoni mwa watu hubaki na la kwao mpaka kaburini. Mama yangu mwenyewe aliitwa hivyo. Niliisoma orodha ya Attracta mara tano, mwezi baada ya mwezi, na sikujiuliza mama yule mumewe alikuwa nani.

Februari 19

Nimepanda mlimani nikiwa nimepanga la kusema. Mlango ulikuwa wazi kweli, upepo unaingia. Yeye kakaa kando ya moto amevaa koti lake la kanisani.

"Ni nani?"

"Padri, mama."

"Karibu! Karibu, Padri! Umesikia? Pointi tatu! Jirani amenisomea mara nne mpaka amechoka, nikamwambia soma tena, utalala kaburini." Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Alikuwa anapiga mpira kwenye ukuta wa zizi mpaka ng'ombe wakakataa kutoa maziwa. Kushoto, daima kushoto."

"Mama Delia," nikasema, "nataka kukuambia..."

"Ngoja, mimi kwanza, nisije nikasahau. Unajua kwa nini hajaja hapa? Anaogopa. Siku ile anaondoka nilimwambia pale mlangoni, ukivuka kizingiti hiki usirudi. Hasira tu. Baba yake alikuwa amekufa Jumanne na yeye anaondoka Jumamosi! Ananikumbuka kwa neno hilo." Akafungua droo, akatoa karatasi na bahasha. "Mimi sioni. Niandikie, Padri, uwape hao wakubwa wa mpira wamfikishie."

Nilipaswa kusema pale pale. Mungu ananiona, nilifungua mdomo. Lakini kalamu ilikuwa tayari mkononi mwangu na yeye keshaanza kusema, macho yake meupe yameelekea motoni.

Niliandika hivi: "Hughie mwanangu. Nilisema usirudi. Nilisema kwa hasira na sijalala vizuri tangu siku hiyo. Chumba chako kimepakwa chokaa. Usije na zawadi. Mlango nimeacha wazi, ukikuta umefungwa ujue ni upepo. Mimi mama yako."

"Umeandika yote?"

"Yote."

"Hata la upepo?"

"Hata la upepo, mama."

Akaibusu bahasha, akanipa. Iko hapa mezani. Barua imeandikwa kwa mkono wangu na anwani ni yangu.

Februari 20

Nimekwenda kwa Bohan. "Badilisha jina," nikamwambia.

"Haiwezekani. Orodha imeshafika Dublin. Ukibadilisha, waandishi watauliza Keaney yuko wapi, na huyu mpya ni nani, na Jumatatu askofu atakuwa anakunywa chai yake na jibu." Akajikuna kichwa. "Mwambie ni Keaney mwingine. Wapo mia."

"Mwambie wewe."

Akatazama viatu vyake. Bohan si mtu mbaya. Mimi ndiye nimelivaa jina.

Februari 21

Attracta anasema barua ya mwisho ya Hughie ilitoka Coventry, Uingereza. Nimemwandikia padri anayewahudumia Waireland wa huko. Hughie Keaney, umri wa miaka thelathini hivi, anapiga kwa kushoto. Nimemwomba anitafutie. Nikimpata mwenyewe kabla ya fainali, basi uongo wangu utakuwa umegeuka heri. Hivi ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa na njumu safi kando ya jiko.

Februari 26

Theluji. Nimeufikia ukuta kwa koleo.

Machi 3, Jumatano ya Majivu

Nimewapaka majivu watu mia tatu. "Kumbuka u mavumbi." Wote walifumba macho. Kanoni alinipaka mimi, na dole gumba lake lilikawia kidogo kwenye paji la uso wangu. Au nimejitungia.

Machi 5, Ijumaa ya kwanza

Alikuwa ameweka chupa ya maji ya moto kitandani mwa Hughie. "Kila siku naibadilisha," aliniambia, "kitanda kisichukue unyevu." Kwaresima hii anakunywa chai ya rangi na mkate mkavu, lakini kipande cha nyama ya nguruwe kinaning'inia juu ya moto. Cha Hughie.

Baada ya komunyo akauliza, "Barua ilifika?"

"Ilifika, mama."

"Mkononi mwake?"

"Mkononi."

"Akasoma?"

"Imesomwa."

Kila jibu lilikuwa la kweli, na mimi sijawahi kusema uongo mkubwa kama huo maishani. Njia ya mwongo ni fupi, tunawaambia watoto wa katekisimu. Yangu ina maili nne za mteremko, na kote nililia juu ya baiskeli, nikishukuru mvua.

Machi 12

Jibu kutoka Coventry. "Ndugu yangu, Keaney huyo simpati. Usishangae. Vijana wetu wa ujenzi wengi wanaandikishwa kazini kwa majina ya kuazima ili wasifuatwe na watu wa kodi. Kuna wanaume nimewazika ambao sijui mama zao waliwaitaje."

Nimekaa na barua hii mchana wote. Yeye huko amelivua jina, mimi huku nimelivaa. Na yule mama yuko katikati na mlango wazi.

Machi 14

Kikaratasi: "Jumatano, Mt. Patriki: wewe misa ya saa moja. Baadaye sitahitaji kukuona mpaka Alhamisi. Shangazi ale vizuri."

Sikustahili. Nimekiweka ndani ya kitabu changu cha sala.

Machi 16

Nimemwambia.

Nilikwenda mchana bila baiskeli, kwa miguu, ili nisipate kisingizio cha kukimbia. Alikuwa anachambua viazi kwa vidole. Nikapiga magoti chini, sijui kwa nini, labda kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyonisemea mimi mambo yao.

"Mama Delia, Hughie hayuko Ireland. Aliyecheza ni mimi. Mapadri hatukubaliwi, wakanipa jina kutoka daftari la zamani. Sikujua ni la mwanao. Nilipojua, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kucheza. Hakuna sababu nyingine. Nilitaka kucheza."

Kiazi kilibaki mkononi mwake.

"Na barua?"

Nikaitoa. Niliiweka magotini mwake. Akaipapasa, akaijua.

"Wewe ndiye uliyeisoma."

"Ndiyo."

"Hughie yuko wapi?"

"Sijui, mama. Nimetafuta. Padri wa Coventry hamjui."

Moto ukaanguka wenyewe. Kisha akasema bila kuinua sauti, "Toka nyumbani kwangu."

Nikatoka. Nilipofika kwenye lango la mawe nikasikia anaita. Alikuwa amesimama mlangoni ameshika mwimo, ananitafuta kwa uso kama wafanyavyo vipofu, akielekea kando kidogo ya pale nilipokuwa.

"Padri! Fainali ni kesho?"

"Ni kesho. Sitacheza. Nitamwambia Bohan leo."

"Nani kakwambia usicheze?" Sasa alikuwa anapiga kelele, na upepo unamrudishia maneno. "Miaka minne jina la mwanangu halijatoka mdomoni mwa mtu ila mimi! Watu wanaogopa hata kuniuliza! Jumatatu ile jirani yangu kalisoma kwa sauti mara nne ndani ya nyumba yangu! Unataka kuninyang'anya na hilo? Jirani ataleta redio kesho. Ninataka kulisikia."

"Mama..."

"Na usicheze ovyo! Hughie hakuwahi kucheza ovyo!"

Akafunga mlango. Tangu Februari nauona ukiwa wazi, na leo umefungwa, na aliyeufunga si upepo.

Machi 17, Mtakatifu Patriki

Naandika ndani ya gari la Bohan, tumesimama Longford kutafuta petroli.

Croke Park ilikuwa imejaa mpaka juu ya kuta. Kila mtu ana majani matatu ya kijani ya Mtakatifu Patriki kwenye koti, bendi inapiga, na mimi kwenye kona yangu na soksi zangu za pekee. Durkan alinisogelea akanipa mkono mbele ya wote. "Goti limepona," akasema. Basi wakacheka wote, Galway na Roscommon pia.

Leinster walikuwa wazuri. Sitaeleza kila kitu, magazeti yataeleza. Nataka kuandika hili tu: safari hii kila nilipoitwa Keaney niligeuka papo hapo. Nilijua ni nani anasikiliza. Nilikimbia kama mtu aliyebeba mayai ya mwenzake. Mipira ambayo siku nyingine ningeiachia beki, niliifuata mpaka matopeni. Nilifunga pointi mbili kipindi cha kwanza na moja cha pili.

Dakika ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Refa akatupa mpira wa adhabu, upande wa kulia, yadi arobaini, mahali pa mguu wa kushoto. Kapteni akanirushia. "Keaney, ni wako." Nikafikiria redio juu ya meza yake, na betri yake, na jirani ameshika kitufe.

Niliupiga vizuri. Mpaka sasa nasema niliupiga vizuri. Ukagonga mwamba wa kulia, ukarudi uwanjani, kipenga kikalia.

Durkan ndiye aliyeniinua.

Machi 20

Picha gazetini: mimi nimepiga magoti, mikono kichwani, uso wazi kama wa pasipoti. Chini yake: "Huzuni ya Keaney." Attracta amekata picha hiyo kabla ya kumpelekea Kanoni gazeti. Kanoni amelisoma lenye tundu bila kuuliza.

Machi 24

Mvua. Sijaenda ukutani.

Machi 29

Chini ya kengele kulikuwa na vitu viwili. Barua ya askofu: kuanzia Jumatatu ya wiki ijayo ninahamishiwa parokia ya pwani, upande wa mwisho wa dayosisi, nyumba ya padri mmoja. Hakueleza sababu. Na kikaratasi: "Si mimi niliyemwambia. Ni picha. Samahani."

Jioni, wakati wa chakula, nilisema, "Asante, Kanoni."

Akatazama sahani yake. "Mpira ule," akasema kwa sauti yake mwenyewe, kavu kama mlango wa ghala, "ulikuwa na upepo nyuma yake. Nilisikia redioni." Kisha akaomba chumvi.

Aprili 2, Ijumaa ya kwanza

Ya mwisho kwangu hapa. Niliacha nyumba ya Delia iwe ya tisa badala ya ya saba. Orodha ya Attracta niliifuta kidogo nikaandika juu yake: Delia McMorrow, mama yake Hughie Keaney. Padri atakayekuja asikosee kama mimi.

Mlango ulikuwa wazi. Mishumaa miwili, kitambaa cheupe. Akapokea komunyo, tukasali, sikuthubutu kuketi.

"Keti," akasema.

Nikaketi.

"Hughie angeuingiza ule."

Sikujua nicheke au nilie. Yeye alicheka kwanza, kicheko kifupi, kisha akajifuta macho kwa aproni. "Lakini hukucheza ovyo. Jirani alihesabu. Jina lilitajwa mara ishirini na tatu. Ishirini na tatu, Padri! Lile la mwisho yule mtangazaji alilivuta kama anaimba."

Ile barua ilikuwa juu ya rafu, nyuma ya saa. Aliona, au alihisi, kwamba naitazama. "Hiyo ni yake," akasema. "Itamngoja hapo." Akaenda kwenye moto, akakata kile kipande cha nyama, akaniwekea mezani na kabichi na viazi vitatu. Leo ni Ijumaa, na ni Kwaresima, hatuli nyama. Nikamkumbusha.

"Basi funga kwenye karatasi, ule Pasaka. Nyama haiwezi kungoja watu wawili."

Nikamwambia ninahamishwa. Akauliza ni mbali kiasi gani, nikamwambia. Akauliza kama kuna timu huko, nikamwambia kuna samaki. Akanisindikiza hadi lango la mawe, mkono wake umekamata mkono wangu, kwa sababu njia ni mbaya na haoni. Tulitembea polepole. Sikutaka lango lifike.

"Mwanangu ninamjua jina," akasema tulipofika. "Wewe je? Miezi yote hii nakuita Padri tu, kama ng'ombe asiye na kengele. Mama yako alikuitaje?"

Ilinibidi nifikiri kidogo kabla ya kujibu.

"Malachy, mama. Malachy Gilrane."

"Malachy," akasema. Akalirudia, akalipima ulimini. "Malachy. Haya. Siku nikilisikia redioni nitajua ni nani."

Nimeteremka maili nne na nyama chini ya koti. Jioni nimefunga sanduku. Njumu zimekaa juu kabisa, Attracta amezijaza gazeti jipya.